Choya za Harusi ya Dada

Mama yangu alikuwa na kalenda yake mwenyewe, na aliipanda nyuma ya nyumba. Siku posa ya binti yake inapopokelewa, wageni wakishaondoka na vikombe vikishaoshwa, alijifunga kanga kiunoni, akachukua jembe na kwenda kupanda choya. Siku hizi wengi wanaiita rozela. Ni ule mti mwembamba wenye shina jekundu, ambao ua lake likishadondoka huacha tunda lililofunikwa na maganda mekundu manene, na maganda hayo ndiyo yanayochemshwa kuwa sharbati. Tangu mbegu hadi sharbati ni miezi mitano, wakati mwingine sita. Basi harusi za kwetu nazo zilingoja muda huo huo, na majirani zetu wa Ujiji, hasa wale wanaopenda kujua mambo ya watu, walipita uani kwetu kutazama miti imefikia wapi ili wajue lini washone nguo.

Desturi hiyo aliianzisha kwa hasira. Siku ya harusi yake yeye, sharbati ilipungua, ikaazimwa nyumba ya jirani, na mawifi zake waliposikia wakamtungia wimbo. Mama aliukumbuka wimbo ule wote miaka thelathini baadaye, na siku akiuimba jikoni tulijua leo si siku ya kumwomba kitu. Aliapa kwamba hakuna binti yake atakayeolewa kwa kinywaji cha ua wa mtu mwingine. Dada zangu wawili wakubwa waliolewa hivyo, kwa choya za nyuma ya nyumba.

Dada wa tatu alichumbiwa na fundi wa reli, mtu wa kwao Gungu, aliyekuwa amehamishiwa Tabora. Likizo yake ilikuwa ya mwezi mmoja tu, ikianza baada ya Idi ya kuchinja, na ikishapita hiyo, nyingine ni mwaka unaofuata. Dada alimpenda mtu huyo bila aibu yoyote. Barua zake alizisoma mpaka karatasi ikakatika kwenye mikunjo, na mimi niliyelala naye chumba kimoja nilizijua barua zile kuliko masomo yangu ya shule. Kungoja mwaka mzima mwingine kungemmaliza, na aliyasema hayo waziwazi mara tatu kwa siku.

Posa ilipokelewa mvua za kwanza zilipoanza. Mama akapanda miti kumi na minane, akanikabidhi mimi niitunze. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mtoto wa mwisho, mwenye ulimi mwepesi na hasira za karibu. Nilipalilia choya zile kwa kiburi kikubwa. Kuku akizisogelea nilimkimbiza mpaka nyumba ya tatu.

Huo ndio mwaka boti zilipoanza kuleta watu kutoka ng'ambo ya ziwa. Vita viliwatoa makwao, wakaja na magodoro, kuku, cherehani na watoto waliolala migongoni. Nusu ya Ujiji ilitoka huko huko ng'ambo enzi za mababu, kwa hiyo kila boti ilipofika, watu wetu waliteremka ufukweni kutafuta ndugu. Wengi wa waliokuja walipelekwa kambini kwa malori. Waliokuwa na mtu mjini walibaki kwanza kwa mtu wao. Siku moja baba alirudi na mwanamke mrefu, mwembamba, aliyemshika mkono binti wa miaka minne. Alikuwa mjane wa binamu yake, binamu ambaye baba mwenyewe alimwona mara moja tu maishani. Hiyo ilitosha.

Mama alimpokea mbele ya majirani, na hapo ndipo tulipojifunga kamba wenyewe. Alimkalisha kwenye mkeka mpya, akamnawisha mikono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Hapa umefika kwako. Shamba hilo hapo nyuma. Ukiona kitu cha kula, chuma. Usiniombe. Ukiniomba utaniudhi."

"Aksanti sana, mama," mgeni akajibu.

Sisi watoto tulimwita Mama Mgeni. Na kumbe alikuwa mtu wa kufuata alichoambiwa.

Siku ya nne asubuhi nilikwenda shambani nikakuta miti yangu kumi na minane imesimama mitupu. Ilikuwa imefika kiunoni kwangu, na sasa kila mmoja ulikuwa umekatwa kichwa na kuchumwa majani yote laini. Nilisimama pale nimeshika jembe, nikahesabu kana kwamba kuhesabu kutarudisha kitu. Kisha nikasikia kinu kinatwanga jikoni.

Sisi hatukujua kwamba majani ya choya huliwa. Kwetu ulikuwa mti wa sharbati basi, na majani yake yalikuwa ya kukanyagwa. Ng'ambo wanayaita ngaingai, na ndiyo mboga yao ya kila siku. Mama Mgeni aliyatwanga, akayachemsha na vitunguu, akatia dagaa na mawese ya kutosha, akasonga ugali wa muhogo. Mboga ikaja mezani ikiwa ya kijani kilichokolea, inang'aa mafuta, na uchachu wake ulinifunga taya kabla sijameza.

Mama alikuwa ameshatoka nyuma ya nyumba. Alikuwa ameona. Nilimtazama akivunja tonge, akichovya, akitafuna polepole. Jicho moja lilimcheza.

"Tamu," akasema. "Ahsante sana, mgeni wetu. Tamu kweli."

Uso wa yule mwanamke ulichangamka. Tangu afike hakuwa amecheka, na sasa alicheka, akampakulia mama tena.

Kwetu mgeni hagombezwi. Mtu anayekula kwako ukimwonyesha kwamba kuna kitu amekosea, umemfukuza, na jambo hilo litazungumzwa hadi mtaa wa Buzebazeba kabla ya adhuhuri. Mgeni aliyepoteza nyumba yake ndiyo kabisa. Isitoshe mama alikuwa amesema chuma, usiniombe, na mashahidi walikuwepo. Basi nyumba nzima ikatabasamu ikala. Dada alikula huku machozi yanamlengalenga, na Mama Mgeni akadhani ni pilipili, akamletea maji.

Baba ndiye aliyetusaliti. Yeye aliipenda mboga ile kwa moyo wake wote. "Hivi mboga hii ilikuwa wapi siku zote?" akauliza, akifuta bakuli kwa tonge la mwisho. Nilitaka kumwambia ilikuwa kwenye harusi ya mwanawe, lakini mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

Mti wa choya hauna kinyongo. Baada ya wiki moja ulikuwa umechipua tena majani mapya, laini, yenye wekundu kwenye mishipa. Na baada ya wiki moja Mama Mgeni akayachuma tena, kwa sababu tulisema tamu. Ndivyo tulivyoendelea. Sisi tunasifu, yeye anachuma.

Tulijaribu njia za adabu, na kila njia ilituzidishia. Mama alinituma nipande mchicha na matembele tele karibu na mlango wa jiko, ili mkono wa mgeni uishie hapo. Mama Mgeni aliushukuru mchicha ule, akaupika jioni, na mchana akapika ngaingai kama kawaida. Kisha mama akasema ana kiungulia, daktari amemkataza vitu vichachu. Mama Mgeni akasikitika sana. Kuanzia siku hiyo alimchemshia mama fungu lake peke yake, akamwaga maji ya kwanza uchachu upungue, na kwa kuwa majani yakichemshwa mara mbili hunywea, akawa anachuma maradufu.

Ramadhani ikatukuta humo humo. Mama alifunga siku nzima, adhana ikaadhiniwa, akala tende moja, na alipofumbua macho baada ya dua, bakuli la ngaingai lilikuwa limeshawekwa mbele yake kwa mapenzi makubwa. Nilicheka mpaka nikapaliwa na uji. Mama alinifinya paja, lakini niliona na yeye anauma midomo asicheke.

Dada peke yake hakuona cha kuchekesha. Alikwenda kuitazama miti kila asubuhi, akarudi chumbani. Haikuwa inarefuka. Wakati ule choya za harusi za dada wakubwa zilikuwa zimempita mtu kimo, na hizi zilibaki kifuani, zimetapakaa upande upande. Na mama alikuwa ameapa, na mama akiapa haondoki kwenye neno lake. Hakuna choya, hakuna harusi.

Kisha akaja shangazi wa bwana harusi kutoka Gungu. Alikuja kusalimia, alivyosema, lakini hakumaliza hata kikombe cha kwanza cha chai kabla ya kuomba kuonyeshwa nyuma. Akasimama mbele ya miti kumi na minane iliyochumwa jana yake. Akatazama huku na huku, akapanga mtandio wake.

"Harusi ni ya mwaka huu," akamwuliza mama, "au mnatupangia ya mwaka ujao?"

Mama akasema Mungu atajalia. Dada alikuwa mlangoni, akasikia, akaingia chumbani, na kilio chake tulikisikia sote mpaka yule shangazi alipoondoka akijifanya hakusikia.

Mimi nilikwenda moja kwa moja jikoni. Mama Mgeni alikuwa kwenye kinu, mchi uko juu.

"Unakula harusi ya dada yangu," nikamwambia.

Mchi ukabaki hewani. Nikammwagia yote, bila kupumua: posa, kiapo, likizo ya fundi wa reli, kiungulia cha uongo, mchicha wa hila. Nilimwambia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeona tamu isipokuwa baba. Hapo nilidanganya, kwa sababu kufikia wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuipenda, lakini nilikuwa na hasira.

Mama alitokea nyuma yangu na mkono wake ukatua sikioni pangu kabla sijamwona. Alinivuta sikio akiniambia nipige magoti niombe radhi. Uso wake ulikuwa wa aibu kiasi kwamba nilimwonea huruma hata sikio likiwaka moto. Nikapiga magoti.

Mama Mgeni akaweka mchi chini. Akamtazama mama, akanitazama mimi. Nilingoja alie, au aende kumchukua mwanawe waondoke. Badala yake akaniinua, akanishika mkono, akanitoa nyuma ya nyumba. Mama akatufuata.

"Huu ulipanda na kichwa ngapi?" akaniuliza, akigusa mti wa kwanza.

"Kimoja."

"Sasa hesabu."

Nikahesabu matawi, na kila tawi lilikuwa na vitawi vyake. Nilifika ishirini na tatu nikapotea, nikaanza upya.

"Tunda inatoka kwa kila ncha," akasema. "Ncha moja, matunda kidogo. Kwetu mwenye anataka matunda mingi, anakula majani kwanza. Mimi nilikuwa najua munataka matunda. Mboga hii hamuijui, basi muliipanda ya nini? Nilikuwa nawakatia." Kisha akamgeukia mama. "Leo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Majira ya maua imekaribia. Kama mungeniuliza, ningesema."

Mama alishika tawi moja, akazihesabu ncha zake kwa kidole.

"Samahani, mgeni wetu," akasema.

Yule mwanamke akacheka kidogo, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Miezi mbili niko hapa. Kila siku munaniambia tamu, aksanti, tamu, aksanti. Nyumba nzima. Hakuna mtu wa kuniambia hata 'we, funga mlango'." Akaniwekea mkono begani, kwenye upande wa sikio lililovutwa. "Huyu tu ndiye amenigombeza."

Nilijua kwamba amenisifu, na nilijua pia kwamba kuna jambo ameumia nalo, lakini nilikuwa mdogo, nikashika sifa.

Basi tukangoja. Mama Mgeni alikuwa na hakika, dada hakuwa na hakika, na mimi niligawanyika katikati. Maua yalichelewa, kama wiki mbili hivi baada ya siku ambazo mama alizizoea, kwa sababu mti uliokatwa sana unahitaji muda wa kujipanga. Idi ya kuchinja ikafika, tukala nyama. Fundi wa reli akashuka kwenye treni na sanduku lake, akaja kusalimia, akapelekwa nyuma ya nyumba, na siku hiyo ndiyo miti ilikuwa imejaa maua yale ya rangi ya siagi yenye jicho jekundu. Mengi mno. Alifurahi. Mama alihesabu kwa vidole: ua likishadondoka, tunda linataka wiki tatu. Likizo ilikuwa wiki nne. Hesabu ilibana kama kiatu cha kuazima.

Dada alihamia shambani. Alichukua kigoda, kitambaa chake cha kufuma na barua zake, akakaa kati ya miti kana kwamba akiitazama sana itaona haya. Wiki ya kwanza, matunda yalikuwa kama shanga. Wiki ya pili yalikuwa mekundu lakini membamba. Siku ya Jumatano ya wiki ya nne Mama Mgeni alilivunja tunda moja, likalia kra kama bamia mbichi, akampa dada aonje.

"Chuma," akasema. Dada akarusha kitambaa juu.

Tulichuma tangu asubuhi. Mti mmoja wa zamani ulikuwa ukijaza ungo mmoja. Sasa kila mmoja ulijaza nyungo tatu, nne, na matawi yakiachiwa mzigo yaliruka juu. Ilibidi tuazime matenga ya dagaa ya jirani, tukayasugua kwa ndimu harufu itoke. Tulikaa uani wanawake wote wa mtaa, kila mmoja na kisu, tukitoa mbegu na kubaki na maganda, na vidole vyetu vikawa vyekundu kuliko vya bibi harusi aliyepakwa hina. Siku zangu za furaha maishani nikizipanga, siku ile sitaiweka mbali na mwanzo.

Tatizo likawa kukausha. Sharbati ya mama ilitaka choya zilizokaa juani siku nne, mpaka zikunjike. Siku nne baadaye bwana harusi alitakiwa awe kwenye treni. Mama alizitandaza kwenye mikeka kwa ukaidi, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alimkuta Mama Mgeni amebandika sufuria kubwa ya harusi mafigani, na choya mbichi, matenga mawili mazima, zimeshachemka.

"We mwanamke," mama akasema. "Nani kakuambia utie mbichi?"

Mwanamke mmoja aliacha kisu hewani.

"Una kichaa? Miaka yote natengeneza sharbati hapa, choya mbichi haijawahi kuingia kwenye sufuria yangu. Huna macho? Huoni nimezianika? Toa mwiko huo, unanimwagia harusi."

Mama Mgeni alisimama na mwiko. Nilimwona anavuta pumzi, mabega yakapanda. Kisha akaweka mkono mmoja kiunoni.

"Macho iko," akasema. "Wewe ndiye hauna siku. Utamupa bwana harusi mukeka alambe?"

Wakagombana. Waligombana kuhusu ubichi, wakagombana kuhusu sukari, wakafika kwenye tangawizi na hapo wakakosa kabisa kupatana. Mama alitia, yeye akaopoa, mama akatia tena. Kila mmoja alimwita mwenzake mkaidi. Adhana ya alasiri iliwakuta wote wawili wametoka jasho, wakionja kwenye kijiko kimoja, na mama akasema itafaa, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa ambaye hana mpango wa kulizungumza tena.

Harusi ilifungwa siku mbili baadaye, Ijumaa. Sharbati ilikuwa nyekundu, kali kuliko ile tuliyoizoea, na ilikuwa nyingi hata wapita njia walikunywa. Wanawake wa Gungu walikaa kwenye mikeka, na yule shangazi akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Cha tatu akakishika mkononi bila kunywa.

"Nasikia ameitengeneza yule mgeni wenu wa ng'ambo," akamwambia mama.

"Mgeni gani?" mama akauliza. Akatazama uani, akamwona akija na sinia la vikombe. "Yule? Yule ni mdogo wangu. Mbishi yule, hasikii la mtu. Tangu juzi ananisumbua na tangawizi yake."

Mama Mgeni alikuwa ameshafika karibu na alisikia. Alilitua sinia kwenye mapaja ya mtu wa kwanza aliyemwona, ambaye ni yule shangazi, akageuka akaenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata mbio nikidhani mama amemuumiza tena. Nilimkuta ameegemea ukuta, mbele ya miti iliyokwisha kuchumwa, anacheka na machozi yanamtoka.

"Umesikia?" akaniuliza, akijipangusa kwa ncha ya kanga. "Umesikia vile mama yako amenisema mbele ya watu?"

Nikasema nimesikia. Akataka niyarudie aliyoyasema, yote, na sauti yake. Nikayarudia mara mbili.